Mkulima asiye na namba ya simu, na mikondo ya Java

Kwa muda sasa nimekuwa nikitunza programu inayoandaa malipo ya wakulima wa kahawa katika miteremko ya Mlima Elgon, upande wa Mbale nchini Uganda, na katika kazi hiyo hakuna jambo linalojitokeza mara kwa mara kama thamani inayoweza kukosekana. Mkulima anaweza kuwa na namba ya simu au asiwe nayo; akiwa nayo, namba hiyo inaweza kuwa imesajiliwa kupokea pesa au isiwe imesajiliwa; namba yake ya kitambulisho cha taifa, yenye herufi na tarakimu 14, inaweza kuwa imeandikwa kwenye daftari la ushirika au nafasi yake ikawa wazi mpaka leo. Programu inayopitisha orodha ya wakulima kwenye mkondo (stream, yaani mfululizo wa vipengele vinavyopita) wa lugha ya Java, hatua baada ya hatua, hulazimika kuamua katika kila hatua imfanyie nini yule ambaye taarifa fulani haipo. Vijana ninaofanya nao kazi hapa Kampala huniuliza namna fupi zaidi ya kuandika uamuzi huo. Swali lao linastahili jibu refu, kwa sababu namna fupi ipo na ni nzuri, lakini ina maana yake mahususi, na anayeiandika lazima awe anaikusudia maana hiyo.

Tuanze na chanzo cha tatizo. Marejeo ya `null`, yaani rejeo lisiloelekeza kwenye thamani yoyote, yalibuniwa na mwanasayansi wa kompyuta Tony Hoare mwaka 1965 katika lugha ya ALGOL W, na mwaka 2009 yeye mwenyewe aliuita uamuzi ule kosa lake la dola bilioni moja. Tatizo la `null` halitokani na kuwakilisha kutokuwepo, kwa maana kutokuwepo ni hali ya kweli na programu inahitaji njia ya kuieleza; linatokana na kwamba aina ya data haikuonyi. Ukiona fankisheni inarudisha `String`, huna namna ya kujua kama unaweza kuitumia moja kwa moja au uikague kwanza, isipokuwa usome msimbo wote ulio nyuma yake. Java 8, iliyotoka Machi 2014, ilileta mikondo na aina ya `Optional`, kisanduku chenye thamani moja au kilicho kitupu, kwa pamoja, na tangu hapo fankisheni inaweza kutamka katika sahihi yake (signature, mstari unaotaja jina lake na aina inayorudisha) kwamba huenda isiwe na jibu. Lugha ya Haskell ilikuwa na `Maybe` na ya Scala ilikuwa na `Option` miaka mingi kabla ya hapo.

Nitatumia mfano mmoja wa mkulima:

```java
record Mkulima(String jina, String kijiji, String simu) {
    Optional<String> nambaYaSimu() {
        return Optional.ofNullable(simu);
    }
}
```

Tuseme tunataka orodha ya namba zote za simu ili tuwatumie wakulima ujumbe kwamba kituo cha kununulia kahawa kitafunguliwa Jumatatu. Mtu aliyejifunza mikondo katika siku za Java 8 ataandika hivi, na msimbo wa namna hii bado umejaa katika programu nyingi:

```java
List<String> namba = wakulima.stream()
    .map(Mkulima::nambaYaSimu)
    .filter(Optional::isPresent)
    .map(Optional::get)
    .toList();
```

Msimbo huu unafanya kazi, lakini nina sababu ya kuupinga ambayo haihusu idadi ya mistari. Hatua ya kuchuja na hatua ya kutoa thamani zimetenganishwa, ilhali usalama wa ya pili unategemea kabisa kuwepo kwa ya kwanza, na kompaila, programu inayokagua na kutafsiri msimbo kabla haujaendeshwa, haijui lolote kuhusu utegemezi huo. Mtu akija baadaye akaingiza hatua nyingine katikati, au akafuta kichujio kwa kudhani hakina kazi, `get` itatupa hitilafu siku ya malipo, na kompaila itakuwa imenyamaza tangu mwanzo hadi mwisho.

Java 9, mwaka 2017, iliongeza methodi ndogo iitwayo `stream` kwenye `Optional`. Inageuza `Optional` kuwa mkondo wenye kipengele kimoja ikiwa thamani ipo, au mkondo mtupu ikiwa haipo. Kwa kuwa kazi ya `flatMap` ni kuunganisha mikondo midogo kuwa mkondo mmoja, mitupu hutoweka yenyewe:

```java
List<String> namba = wakulima.stream()
    .map(Mkulima::nambaYaSimu)
    .flatMap(Optional::stream)
    .toList();
```

Kukagua na kutoa sasa ni tendo moja lisilogawanyika, na hakuna mahali ambapo `get` inaweza kuachwa bila ulinzi. Aliyebanwa na Java 8 anaweza kupata matokeo hayohayo kwa kuandika `.flatMap(o -> o.map(Stream::of).orElseGet(Stream::empty))`, ambayo ni ndefu kidogo lakini ina usalama uleule.

Faida kubwa zaidi, ambayo naona wengi hawaifikii kwa sababu wanaishia kwenye mfano wa vitabuni, hupatikana pale unapohitaji kubaki na mkulima mwenyewe mkononi pamoja na namba yake. Katika mfano wa juu, baada ya hatua ya kwanza mkulima amekwisha kupotea na imebaki namba peke yake, na kwa ujumbe wa tangazo hilo halina shida. Kwa malipo halitoshi, kwa kuwa tunahitaji kujua pesa zinakwenda kwa nani na kijiji gani. Basi tunaingiza kazi yote ndani ya `Optional` kabla ya kuigeuza kuwa mkondo:

```java
List<Lipa> malipo = wakulima.stream()
    .flatMap(m -> m.nambaYaSimu()
        .filter(Namba::niSahihi)
        .map(n -> new Lipa(m, n))
        .stream())
    .toList();
```

Someni mistari ile mitatu ya ndani polepole. `Optional` ina `map`, `filter` na `flatMap` zake yenyewe, zenye tabia ileile ya zile za mkondo, na ndiyo sababu ninapenda kuitazama kama mkondo usiozidi kipengele kimoja. Namba isipokuwepo, `filter` haifanyi kitu na `map` haifanyi kitu. Namba ikiwepo lakini haina tarakimu tisa baada ya 256, msimbo wa simu wa Uganda, inaachwa hapo. Namba ikiwa sahihi, inaundwa rekodi ya malipo iliyo na mkulima na namba yake isiyo na shaka yoyote. Aina ya `Lipa` haina `Optional` ndani yake, na hatua zote zinazofuata hazina haja ya kuuliza tena kama namba ipo. Shaka imekaguliwa mlangoni, mara moja.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya. Mstari wa `.flatMap(Optional::stream)` unasema kwamba asiye na thamani aachwe, na aachwe kimyakimya. Kwa tangazo la kufunguliwa kwa kituo hiyo ndiyo maana tunayoitaka, kwa kuwa asiye na simu hawezi kutumiwa ujumbe na atasikia habari sokoni au kwa jirani. Kwa malipo, maana hiyo ni mbaya sana. Mkulima ameshuka na kahawa yake mbivu, imepimwa, amepewa risiti, kisha jina lake halionekani kwenye orodha ya waliolipwa wala kwenye orodha ya wasiolipwa, kwa sababu orodha ya pili haikuwahi kuwepo. Hakuna hitilafu iliyotupwa, hakuna onyo kwenye kumbukumbu za programu, na majaribio yote yamefaulu.

Karani wa mizani katika kituo kimoja alilieleza jambo hili vizuri kuliko kitabu chochote nilichosoma. Tulikuwa tumekaa naye tukipitia orodha ya malipo kwenye skrini kabla haijatumwa, akaweka kidole kwenye jina lililo kwenye daftari lake na ambalo kwenye skrini halikuwepo, akaniambia, "Ndugu yangu, mzee huyu atakuja kesho asubuhi kukaa kwenye benchi hili. Nimwambie nini?" Swali lake ndilo ninalolitumia sasa ninapopitia msimbo wa wenzangu. Kila mahali ninapoona thamani tupu zikitoweka kwenye mkondo, ninauliza kama kuna mtu atakayekuja kuuliza habari za kilichotoweka. Kama hayupo, ufupi ule ni sahihi na ninausifu. Kama yupo, kutokuwepo kwa thamani ni taarifa, na taarifa hiyo inapaswa kubebwa hadi mwisho wa mkondo.

Njia inayowajia watu haraka ya kuibeba ni `Collectors.partitioningBy`, inayogawa orodha mara mbili kwa kigezo cha ndiyo au hapana. Ni nzuri kwa ripoti ya haraka, lakini kundi la wenye namba linabaki kuwa orodha ya wakulima ambao namba zao bado ni `Optional`, kwa hiyo unalazimika kuzitoa tena huko mbele, na tunarudi kwenye `get` ileile tuliyoikimbia. Mimi napendelea kuupa uamuzi aina yake yenyewe, jambo ambalo limekuwa rahisi tangu Java 17 iliporuhusu violesura vilivyofungwa (sealed interfaces), ambavyo orodha ya aina zinazovitekeleza inajulikana yote kwa kompaila:

```java
sealed interface Uamuzi {}
record Lipa(Mkulima mkulima, String namba) implements Uamuzi {}
record Ahirisha(Mkulima mkulima, String sababu) implements Uamuzi {}

static Uamuzi amua(Mkulima m) {
    return m.nambaYaSimu()
        .<Uamuzi>map(n -> new Lipa(m, n))
        .orElseGet(() -> new Ahirisha(m, "hana namba ya simu"));
}
```

Mkondo sasa ni `wakulima.stream().map(Uamuzi::amua).toList()`, ikiwa fankisheni ile imewekwa ndani ya kiolesura, na urefu wa orodha inayotoka ni sawa na urefu wa orodha iliyoingia. Hilo ni jambo la kupimika: jaribio la mstari mmoja linalolinganisha idadi mbili linatosha kuthibitisha kwamba hakuna mtu aliyepotea njiani. Alama ya `<Uamuzi>` kabla ya `map` ni ya lazima, kwa sababu bila hiyo kompaila itadhani tunataka `Optional<Lipa>` na itakataa tawi la pili. Na anayetumia Java 21, iliyotoka mwaka 2023, anaweza kuandika `switch` juu ya `Uamuzi`, na kompaila yenyewe ikamkumbusha iwapo amesahau mojawapo ya hali. Siku ushirika utakapoamua kwamba mkulima asiye na simu alipwe taslimu dirishani, tutaongeza rekodi ya tatu, na kila `switch` isiyoijua hali hiyo mpya, na isiyo na tawi la `default`, itakataliwa na kompaila mpaka irekebishwe. Karani naye anapata orodha yenye jina na sababu.

Msimbo huu ni mrefu kuliko `.flatMap(Optional::stream)`, ndiyo, na sioni aibu kuutetea. Ufupi unaofaa ni ule unaoondoa maneno yasiyo na habari, kama `isPresent` ikifuatwa na `get`. Unaoondoa watu kwenye orodha ya malipo ni wa aina nyingine kabisa.

Kuna ufupi mwingine wa hatari ambao hujificha ndani ya `orElse`. Tuseme uzito wa kahawa ya kila mkulima ni `Optional<Integer>`, kwa kuwa wengine wamekwisha kufika kituoni lakini hawajapimwa, na mtu anataka wastani wa siku. Akiandika `m.uzito().orElse(0)` kisha akachukua wastani, programu itampa jibu bila kusita. Wakulima wawili wana kilo 40 na kilo 60, wa tatu bado yuko kwenye foleni: wastani wa waliopimwa ni kilo 50, lakini kwa ile sifuri ya bandia jibu linakuwa kilo 33 na kidogo. Asiyepimwa si mwenye kilo sifuri. Hapa kuwaacha wasio na thamani ndiko kusema kweli, na mstari wetu mfupi unarudi kwa heshima zote:

```java
OptionalDouble wastani = wakulima.stream()
    .map(Mkulima::uzito)
    .flatMap(Optional::stream)
    .mapToInt(Integer::intValue)
    .average();
```

Tazameni pia kwamba `average` yenyewe hurudisha `OptionalDouble`, kwa kuwa orodha tupu haina wastani. Kwa jumla mambo ni tofauti: kuongeza sifuri hakubadilishi jumla, kwa hiyo `orElse(0)` haidhuru hesabu, ingawa msomaji wa ripoti bado atataka kujua ni wangapi hawakuhesabiwa. Hakuna kanuni moja inayofaa kila mahali, na lazima mtu aijue hesabu anayoifanya.

Pale ambapo kuna thamani ya akiba, Java 9 ilituletea `or`, ambayo ni tofauti na `orElse` kwa kuwa inarudisha `Optional` nyingine na si thamani yenyewe ya mwisho. Katika vijiji vingi simu moja hutumiwa na nyumba nzima, na mkulima anaweza kuwa ameidhinisha namba ya mwenzi wake. Hapo tunaandika `m.nambaYaSimu().or(m::nambaYaMwenzi)`, na tawi la pili halitaguswa kamwe ikiwa la kwanza lina jibu. Ucheleweshaji huo ni muhimu pale ambapo kutafuta akiba kunagharimu, kwa mfano kuuliza hifadhidata iliyo mbali. `orElse` haina ucheleweshaji huo: chochote kilicho ndani ya mabano yake hutendeka hata kama thamani ipo, na ikiwa ndani yake kuna fankisheni inayoandika kitu, itaandika kila mara. Kwa ajili hiyo `orElse` ninaiachia thamani zilizokwisha kuwepo, na kila kinachohitaji kukokotolewa kinakwenda kwenye `orElseGet`.

Wenzangu wanaoandika programu za simu kwa Kotlin wana `mapNotNull`, wa Swift wana `compactMap`, wa Rust wana `filter_map`, na wa Haskell walikuwa na `mapMaybe` kabla yetu sote. Zote ni tendo lilelile la kubadilisha na kuacha vilivyo tupu kwa hatua moja, na swali la karani linazihusu zote kwa kiwango kilekile. Katika Java kuna pia `mapMulti`, iliyokuja na toleo la 16 mwaka 2021, ambayo haiundi mkondo mdogo kwa kila kipengele kama inavyofanya `flatMap`:

```java
.<String>mapMulti((m, pokea) -> m.nambaYaSimu().ifPresent(pokea))
```

Kwa orodha ya ushirika tofauti ya kasi haitaonekana, na `flatMap` inasomeka vizuri zaidi, kwa hiyo sioni sababu ya kuibadilisha kabla ya kupima na kuthibitisha kwamba pana ucheleweshaji wa kweli.

Nimalizie na hali ya tatu, ambayo haihusu kumwacha asiye na thamani wala kumtenga na sababu yake, bali kukataa kazi nzima kwa ajili ya mmoja. Lori linapopakiwa magunia ya kilo 60 kwenda Kampala, hati ya mzigo haiwezi kutolewa ikiwa hata gunia moja halijapimwa. Haskell ina `sequence` kwa kazi hii, na katika Rust unaweza kukusanya vipengele vya `Option` moja kwa moja kuwa `Option` ya orodha. Java haina methodi ya namna hiyo iliyo tayari, lakini mstari wetu mfupi unatosha kuijenga, alimradi tuhesabu:

```java
static <T> Optional<List<T>> zoteAuHakuna(List<Optional<T>> orodha) {
    List<T> zilizopo = orodha.stream()
        .flatMap(Optional::stream)
        .toList();
    return zilizopo.size() == orodha.size()
        ? Optional.of(zilizopo)
        : Optional.empty();
}
```

Fankisheni hii hujibu tu kama mzigo umekamilika. Haisemi ni gunia lipi limebaki, kwa hiyo tunaitumia mahali pa kuchapisha hati, na kwenye skrini ya mpakiaji, ambaye anahitaji kulifuata gunia lenyewe ghalani, tunatumia aina iliyofungwa kama ile ya `Uamuzi`, yenye namba ya gunia na sababu.